Asidi, besi na viashiria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya ni ya wanafunzi wa sekondari, kina mama wa vikundi vya sabuni, mafundi betri na wakulima wa korosho. Nimeyapanga bila mpangilio wa kitabu. Mengine yanataka maelezo marefu, mengine sentensi tatu zinatosha.

Mwalimu, asidi ni nini hasa? Na besi?

Asidi, au tindikali kama wengi tunavyoiita, ni kitu ambacho kikiingia kwenye maji huachia ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidrojeni. Besi inayoyeyuka majini, yaani alkali, huongeza ayoni za haidroksaidi. Maelezo hayo aliyatoa Svante Arrhenius wa Sweden mwaka 1884, na ndiyo yanayotosha kwa mitihani mingi. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, waliyapanua: asidi hutoa protoni, yaani ile ayoni ya haidrojeni, na besi huipokea. Maana hiyo ya pili inasaidia pale ya kwanza inapokwama. Amonia, kwa mfano, haina haidroksaidi ndani yake, lakini ni besi kwa sababu hupokea protoni kutoka kwenye maji.

Jikoni hukosi mifano. Ndimu ina asidi ya sitriki, ukwaju una asidi ya tartariki, siki ina asidi ya asetiki, maziwa mgando yana asidi ya laktiki. Upande wa besi kuna magadi, maji ya majivu, chokaa na sabuni.

Mafuta ya ganda la korosho yanababua mikono. Hiyo si tindikali kali kabisa?

Swali hili sijawahi kulikosa Mtwara, na jibu lake huwashangaza watu. Ndani ya ganda la korosho mbichi kuna mafuta mazito ya kahawia, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadiki. Kwa hiyo jina la asidi limo. Lakini kwa kipimo cha mkemia asidi hiyo ni dhaifu: haiachii ayoni za haidrojeni kwa wingi, tena haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kinachobabua ngozi ni umbo la molekuli yenyewe. Ina mkia mrefu wa mafuta unaoisaidia kupenya ngozi, na kichwa cha jamii ya fenoli kinachoichokoza kinga ya mwili. Vidonda vya mbanguaji mara nyingi ni mwili kuikataa ile kemikali, si kuunguzwa kama na maji makali ya betri. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, ndiyo maana utomvu wa embe bichi nao huwatoa watu upele mdomoni.

Tofauti hii ina maana kwa mtu anayebangua. Kama tatizo lingekuwa ukali wa asidi, kusuuza kwa maji kungetosha. Kwa kuwa ni mafuta, maji matupu hayaondoi kitu. Inahitajika sabuni, na kabla ya kazi inahitajika glavu, au mikono iliyopakwa mafuta ya kula ili yale ya ganda yasigandamane na ngozi. Kumwagia ndimu au magadi juu ya ngozi iliyobabuka ni kuongeza maumivu tu.

Ganda likikaangwa, asidi ya anakadiki hupoteza hewa ya ukaa na kugeuka kadanoli, ambayo viwandani hutengenezewa rangi, vanishi na bitana za breki. Moshi wa kukaangia nao huwasha macho na koo, kwa hiyo kaa upande upepo unakotoka.

Ukichovya karatasi ya litimasi (ile ya kupimia, nyekundu kwenye asidi na bluu kwenye besi) kwenye mafuta hayo usitegemee jibu la kuaminika. Litimasi inataka maji. Kitu kikavu au chenye mafuta matupu haiwezi kukisemea.

pH ni nini, na kwa nini namba ndogo ndiyo asidi zaidi?

Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Alichoka kuandika namba zenye sifuri nyingi baada ya nukta, akachukua logi yake na kugeuza alama. Ndiyo maana ayoni za haidrojeni zikiongezeka namba inashuka. Katikati ni 7, chini yake asidi, juu yake besi.

Kitu cha kukumbuka ni kwamba kila hatua moja ni mara 10. Kitu chenye pH 3 kina ayoni za haidrojeni mara 100 kuliko chenye pH 5, wala si zaidi kidogo tu. Maji ya ndimu yapo kati ya 2 na 3, maziwa yasiyochacha karibu 6.6, maji ya bahari karibu 8.1, maji ya chokaa hupita 12. Damu yako ukiwa mzima haitoki kati ya 7.35 na 7.45, maana mapafu na figo vinailinda usiku na mchana. Anayekuuzia dawa ya "kubadili damu iwe alkali" anakuuzia maneno.

Maji safi ya mvua huwa karibu 5.6 kwa sababu yameyeyusha hewa ya ukaa njiani. Wenzetu wa Newala na Tandahimba, wanaovuna mvua kwenye matangi kwa kuwa juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida, wataona kuwa tangi jipya la saruji hutoa maji yanayoteleza kidogo mkononi. Hiyo ni chokaa ya saruji inayoyeyuka. Jaza, mwaga, rudia, na itapungua.

Asidi kali na asidi iliyokolea si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na kwenye mitihani hapa alama hupotea nyingi. Ukali ni tabia ya asidi yenyewe: je, molekuli zake zote huachia haidrojeni zikiingia majini, au chache tu? Asidi ya haidrokloriki huachia zote, ni kali. Asidi ya asetiki ya kwenye siki huachia chini ya 1 katika kila 100, ni dhaifu. Ukolezi ni suala la kiasi ulichoweka kwenye maji. Pilipili kichaa moja kwenye sufuria la shughuli haitamtoa mtu machozi, na pilipili hoho kumi kwenye bakuli hazitaifikia pilipili kichaa kwa uwashaji.

Kwa hiyo asidi kali iliyozimuliwa sana inaweza kuwa salama kuliko asidi dhaifu iliyokolea. Asidi ya asetiki ambayo haijazimuliwa huunguza ngozi vibaya, ingawa vitabuni inaitwa dhaifu. Neno dhaifu kwenye chupa ya maabara lisikufanye uvue miwani.

Ukizimua asidi, mimina asidi kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Ukifanya kinyume, joto linalotoka huchemsha maji machache yaliyotangulia na kurusha asidi usoni. Fundi betri yeyote mzoefu analijua hili, hata kama hajasoma kemia. Na ile chupa ya kuongezea betri iliyopungua iwe na maji yaliyosafishwa, si asidi nyingine. Ndani ya betri kinachopotea ni maji.

Kiashiria kinajuaje kwamba hiki ni asidi?

Hakijui kitu. Kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu (au besi dhaifu) ambayo molekuli yake ina rangi moja ikiwa na haidrojeni na rangi nyingine ikiipoteza. Mahali penye ayoni nyingi za haidrojeni inaishika, penye chache inaiachia, na umbo likibadilika, mwanga unaofyonzwa hubadilika pia.

Kila kiashiria kina mahali pake pa kugeuka. Litimasi hugeuka taratibu, takriban kati ya 5 na 8, nyekundu kwenda bluu. Methili ya chungwa, ambayo wanafunzi huiita MO, hutoka nyekundu kwenda njano kati ya 3.1 na 4.4. Fenolfthalini, yaani POP, haina rangi mpaka ipite 8 hivi, kisha huwa waridi. Tazama kinachofuata hapo: maji yenye pH 6 yatakuwa ya njano kwenye MO, rangi ambayo mwanafunzi amekariri kuwa ni ya besi, na bado ni asidi. Kiashiria kinakwambia tu uko upande gani wa mstari wake.

Kwa nini doa la mchuzi kwenye kanzu hugeuka jekundu nikilipaka sabuni?

Kwa sababu umefanya jaribio la kemia bila kukusudia. Binzari ya manjano ni kiashiria: ni ya njano kwenye asidi na kwenye maji ya kawaida, na hugeuka nyekundu ya kahawia kwenye besi. Sabuni ni besi. Kamulia ndimu na njano inarudi. Doa halijatoka wala halijaongezeka, limebadili rangi tu. Jua kali ndilo hulififisha.

Kwa majaribio ya darasani binzari ni rahisi na haiharibiki, ila haiwezi kukutofautishia ndimu na maji ya bomba. Zote mbili zinaiacha njano.

Shuleni kwetu hakuna litimasi. Nitumie nini?

Choya kavu. Chukua konzi moja, mwagia maji ya moto, acha dakika 10, chuja, acha ipoe. Panga vikombe vyeupe, weka kwenye kila kimoja kitu unachopima, kisha dondoshea matone machache. Kwenye ndimu utapata wekundu unaong'aa, kwenye magadi bluu inayoelekea kijani, na kwenye kostiki (sodiamu haidroksaidi ya kutengenezea sabuni) kijani itakayofifia kuwa njano kwa sababu rangi yenyewe inaharibiwa.

Sasa jambo ambalo maelekezo mengi hayalisemi: choya yenyewe ina asidi. Ukiimwaga nyingi kwenye maji yenye magadi kidogo, asidi ya choya itaiua nguvu ile besi na utaona wekundu, kisha utasema magadi ni asidi. Matone, si kikombe. Hata maabara hutumia matone mawili matatu ya kiashiria kwa sababu hiyohiyo.

Watu hupenda kutengeneza vikaratasi kwa kuchovya karatasi za daftari au za fotokopi. Karatasi nyingi za siku hizi zina kalisiamu kabonati ndani yake, ambayo ni besi, na huchafua jibu kabla hujaanza. Bora utumie maji ya choya tu. Kwa joto la pwani huchacha haraka, hivyo igandishe kwenye friji vipande vidogo kama una friji, au tengeneza ya siku hiyo.

Na kama litimasi ipo lakini imekufa rangi, angalia ilivyohifadhiwa. Unyevu wa bahari na mvuke wa chupa za asidi kwenye kabati moja huimaliza. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana.

Kwenye jaribio la bureti nitajuaje kama nitumie POP au MO?

Angalia nani ni dhaifu. Asidi kali na besi dhaifu, kama haidrokloriki na sodiamu kabonati: MO. Asidi dhaifu na besi kali, kama asetiki na sodiamu haidroksaidi: POP. Zote kali: yoyote. Zote dhaifu: hakuna kati ya hizo itakayokupa mgeuko unaoonekana vizuri.

Sababu ni kwamba asidi na besi zikishamalizana, myeyuko unaobaki si lazima uwe na pH 7. Unataka kiashiria kinachogeuka pale pale mmenyuko unapoishia. Ukitumia POP kwenye sodiamu kabonati, waridi itapotea ukiwa nusu ya safari, kabonati ikiwa imegeuka bikabonati tu. Kama jibu la kweli ni sentimita za ujazo 24, utasoma 12, na hesabu zako zote zitakuwa safi lakini za uongo.

Ndimu inaondoaje shombo la samaki?

Samaki wa bahari akikaa, bakteria hutengeneza trimethilamini, ambayo ni besi inayoruka hewani kirahisi. Hiyo ndiyo harufu ambayo pua huipokea. Asidi ya ndimu huigeuza chumvi isiyoruka. Harufu inakatika papo hapo. Angalizo kwa anayenunua jioni: ndimu imeficha harufu, haijarudisha usafi. Tazama macho na mashavu ya samaki kwanza.

Chumvi ya kwenye mashamba ya Lindi ni asidi au besi?

Si asidi wala si besi, litimasi haibadiliki. Ukichanganya asidi ya haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi kwa vipimo sawa utapata chumvi hiyohiyo na maji. Hata hivyo ya Lindi na Mtwara haikutoka huko, ni maji ya bahari yaliyokaushwa na jua. Usidhani kila chumvi ya mkemia iko hivyo. Magadi ni chumvi na ni besi. Mbolea ya SA (amoniamu salfeti) ni chumvi na huongeza asidi shambani.

Majengo ya Kilwa yameshikiliwa na nini, wakati hapakuwa na saruji?

Chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa na magofu ya Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Matumbawe ni kalisiamu kabonati. Yakichomwa karibu nyuzi 900 hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai, besi yenye hasira: ukiinyunyizia maji huchemka yenyewe na kuvimba. Unga unaobaki huchanganywa na mchanga, hupakwa ukutani, kisha miezi na miaka unavuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Jiwe limevunjwa na moto, likatembea kama uji, likawa jiwe tena. Sijaona mfano mzuri zaidi wa kufundishia besi katika mikoa hii miwili, na haudai maabara.

Ukidondoshea siki kwenye kipande cha tumbawe utaona povu. Ni hewa ya ukaa ileile inatoka. Magamba meupe ndani ya birika nayo ni jamii hiyo, na ndimu iliyochemshwa humo huyatoa. Tafadhali usijaribie kwenye ukuta wa magofu.

Salfa tunayopulizia mikorosho ni asidi? Inaharibu udongo?

Salfa yenyewe si asidi. Haiyeyuki majini, na litimasi yenye unyevu haitaiona. Inapuliziwa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshambulia majani machanga na maua, na kwa kazi hiyo imesaidia sana kusini.

Habari inaanza baada ya unga kudondoka chini. Bakteria wa udongoni huigeuza salfa kuwa asidi ya salfuriki. Hesabu yake ni nyepesi: kilo 1 ya salfa ikigeuka yote huzaa asidi kilo 3 na ushee, na kuiua nguvu kunahitaji karibu kilo 3 za kalisiamu kabonati safi. Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde hauna mfinyanzi wala mboji nyingi ya kuimeza asidi hiyo, kwa hiyo pH hushuka upesi kuliko ingeshuka kwenye udongo mzito. Jambo hili lilichunguzwa na watafiti kusini tangu miaka ya 1990.

Mkorosho huvumilia udongo wenye asidi kuliko mazao mengi. Mahindi na kunde unazochanganya humo hazivumilii. pH ikishuka chini ya 5 hivi, aluminiamu iliyofungwa udongoni huyeyuka na kudumaza mizizi, na mkulima huanza kulaumu mbegu. Maoni yangu ni haya: usiache kupulizia, ila pulizia kwa kipimo ulichoelekezwa na afisa ugani, na udongo wa chini ya mikorosho upimwe kila baada ya misimu michache. Chokaa ya kilimo inarekebisha, lakini usiimwage kwa kukisia. Kiasi kinategemea pH uliyopima na aina ya udongo.

Nitajuaje kama sabuni niliyotengeneza imebakiza kostiki?

Usitumie binzari hapa. Sabuni nzuri ya kipande ina pH 9 mpaka 10, kwa hiyo binzari itakuwa nyekundu hata kama sabuni haina kasoro. POP inafaa zaidi: kata kipande, dondoshea tone kwenye sehemu mpya iliyokatwa. Isipobadilika au ikipata uwaridi wa mbali, sawa. Waridi iliyoiva ina maana kuna kostiki ya ziada. Iache ikae wiki kadhaa upime tena. Na sufuria ya alumini isiingie kwenye kazi hii kabisa, kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka.

Bibo, lile tunda la mkorosho, linakaza ulimi. Ni asidi?

Uchachu wake ni asidi. Kukaza ni tanini, na tanini hiyohiyo ndiyo inayoacha doa gumu kwenye nguo.

Naweza kuchanganya jiki na dawa ya choo ili choo kitakate haraka?

Hapana. Jiki ni besi yenye klorini, na dawa nyingi za choo ni asidi ya haidrokloriki. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, na choo cha ndani hakina pa kuitolea. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, ndipo utumie nyingine siku nyingine.

Asidi au chokaa ikiingia jichoni nifanye nini?

Maji safi yanayotiririka, hapohapo, si chini ya dakika 20, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole. Kama ni unga wa chokaa, uondoe uliobaki kwenye kope kwa kitambaa wakati maji yakiendelea. Usitie magadi kuua asidi wala ndimu kuua chokaa. Mmenyuko hutoa joto na jicho litaungua mara ya pili. Chokaa na kostiki mara nyingi huumiza jicho kwa kina kuliko asidi, hata kama maumivu ya mwanzo ni madogo, kwa hiyo nenda hospitali ingawa unaona limetulia. Chukua na chupa au mfuko wa kitu chenyewe, daktari atataka kujua kilikuwa nini.